Nywele za Rasta na Macho ya Wapita Njia

Mtu yeyote aendaye Forodhani, Unguja, wakati wa jioni aweza kuyaona haya bila ya kuonyeshwa. Apitapo kijana wetu mwenye nywele za rasta, wazee walioketi hupunguza sauti, na mama mwenye mkoba huubana kwapani. Punde akipita Mzungu mwenye nywele zizo hizo, pengine zisizooshwa kwa muda mrefu zaidi, watu wale wale humlaki kwa bashasha na kumwuliza atapenda kula nini. Yule wa kwanza keshahukumiwa kuwa mvuta bangi. Huyu wa pili ni mgeni wa heshima. Kilichobadilika ni ngozi iliyo chini ya nywele, na mfuko.

Wako wasemao kwamba chuki hiyo yatokana na dini. Sisi tuliokaa chuoni hatukufundishwa hivyo. Imepokewa kutoka kwa Ummu Hani kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia Makka nywele zake zikiwa na misuko minne. Misuko si rasta, nakubali, lakini yatosha kuwanyamazisha wanaodai kwamba nywele ndefu za mwanamume ni ukafiri. Na huko Senegal wapo Baye Fall, wafuasi wa Sheikh Ibrahima Fall, ambao ni Waislamu na wengi wao husokota nywele namna hiyo hiyo.

Wengine husingizia mila. Mila ya nani? Morani wa Kimasai hufuga nywele na kuzipaka udongo mwekundu. Wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni na nywele zilizosokotana, na Mwingereza alipomkamata Dedan Kimathi mwaka 1956, picha ya kichwa chake ilitangazwa ili ionekane kuwa ni ya mnyama aliyenaswa. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepata cheo cha Field Marshal katika vita vile, alikaa na nywele zake za msituni mpaka Aprili 2022, ziliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta mbele ya watu. Kumwogopa mwenye rasta, basi, ni kumtazama kwa jicho la askari wa kikoloni. Hata Jamaica, walikoanzia Marasta katika miaka ya 1930, serikali iliwakamata na kuwanyoa kwa nguvu baada ya machafuko ya Coral Gardens mwaka 1963; Waziri Mkuu aliomba radhi mwaka 2017, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa.

Huko Ulaya mambo yamegeuka. Machi 2022, vijana watetezi wa mazingira mjini Hannover, Ujerumani, walimwondoa mwimbaji wa Kizungu katika mkutano wao kwa sababu ya nywele zake za rasta, wakamwambia kwamba akizikata atakaribishwa. Julai mwaka huo huo, mjini Bern, Uswisi, mkahawa mmoja ulisimamisha muziki katikati kwa kuwa baadhi ya wasikilizaji walikerwa na wanamuziki weupe wenye rasta.

Hoja ya wanaokerwa si ya kupuuzwa. Mwaka 2010 huko Alabama, Marekani, mwanamke mweusi alinyang'anywa kazi aliyokwisha kupewa kwa kukataa kukata rasta zake, na mwaka 2016 mahakama ya rufani ya shirikisho ikaona kwamba mwajiri hakuvunja sheria. Mtu aliyefukuzwa kazi kwa nywele zake hawezi kufurahi kumwona mwingine akizivaa kwa msimu mmoja kama kofia ya pwani, kisha akazinyoa na kurudi ofisini. Lakini wale vijana wa Hannover walimwelekezea mkasi asiyehusika. Mwimbaji hakumfukuza mtu kazi. Waliofukuza ni waajiri, na walioonyesha njia ni watunga sheria wa California, ambao mwaka 2019 waliwakataza waajiri na shule kumbagua mtu kwa nywele zake za asili. (Na kusema kweli, anayemwamuru mtu anyoe ndipo aingie, mimi simtofautishi sana na yule mwalimu mkuu wa zama za ukoloni.)

Karibu na kwetu, mambo yameamuliwa mahakamani. Nairobi, Septemba 2019, Mahakama Kuu ilisema kwamba kumrudisha nyumbani mwanafunzi wa Kirasta wa Kibera kwa sababu ya nywele zake kulikiuka Katiba. Malawi, Mei 2023, mahakama iliamuru shule za serikali ziwapokee watoto wa Kirasta na nywele zao. Watoto hao walikuwa wamezuiwa mlangoni kwa miaka, na darasani hakuna aliyekuwa amewauliza wanajua kusoma kiasi gani.