Jalidi katika bustani ya kipwa

Jalidi si neno la Ulaya tu. Huku Kapolowe, karibu na Lufira, bustani ya mwalimu ndiyo mboga ya watoto wake wakati wa kipwa, na usiku mmoja wa mwezi wa 6 au wa 7 waweza kuiunguza.

Usiku usio na mawingu wala upepo, udongo unapoteza joto la mchana. Hewa baridi ni nzito: inatelemka kama maji na kukaa ndani ya dembo. Ndiyo sababu bustani ya bondeni inaungua, na ile ya mtelemkoni, hatua chache juu yake, inapona. Kipimo chaweza kuonyesha digri 2 au 3 kwa kimo cha mtu, kumbe majani yaliyo chini yamekwisha kuwa meupe.

Maji yakiganda katikati ya chembe za jani, yanavuta maji yaliyo ndani yake. Chembe zinaharibika, na jua likipanda jani linakuwa jeusi. Nyanya, maboga, maharagwe na matembele hayavumilii. Shu inavumilia, hata inaongeza utamu, maana inageuza wanga wake kuwa sukari.

Mwagilia mchana, kwani udongo wenye maji unashika joto. Funika miche kwa nyasi mbele ya jua kutua, uifunue asubuhi. Wala usiing'oe mihogo iliyoungua: mara nyingi inachipuka tena toka chini.