Pipi ya Tangawizi na Kura za Georgia

Usiku wa uchaguzi wa Novemba 2020, ndani ya ukumbi wa State Farm Arena jijini Atlanta, mama na binti yake walikuwa kazini. Wote wawili walikuwa makarani wa uchaguzi wa kaunti ya Fulton, wanawake Weusi wenye kazi ya kufungua bahasha na kupitisha kura za posta kwenye mashine. Wakati fulani mama alimpenyezea binti yake kitu kidogo mkononi. Kamera za ulinzi zilikuwa zinarekodi.

Mwezi mmoja baadaye vipande vya video ya ukumbi ule vilikuwa vimezagaa nchi nzima. Rudy Giuliani, wakili wa Rais Donald Trump, aliwaambia wabunge wa Georgia kwamba wanawake hao walikuwa wakipeana flashi za kompyuta kama watu wanaopokezana dawa za kulevya. Makasha ya kura yaliyovutwa kutoka chini ya meza, makasha yale yale ya kaunti yanayotumika siku zote, yakaitwa masanduku ya wizi. Wachunguzi wa jimbo walitazama video nzima, mwanzo hadi mwisho, wakakuta watu wanafanya kazi yao.

Lakini uongo ulikuwa umeshafika mbali. Simu za vitisho na matusi ya rangi zikamiminika. Watu wasiojulikana walikwenda hadi nyumbani kwa bibi wa binti huyo wakitaka kuingia ndani wamkamate mjukuu. Mama alishauriwa na maofisa wa FBI ahame nyumba yake kwa usalama wake, akakaa nje kwa takriban miezi miwili. Juni 2022, mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, binti aliulizwa ni kitu gani alichopewa na mama yake usiku ule. Alijibu: pipi ya tangawizi. Desemba 2023 baraza la wazee wa mahakama liliamuru Giuliani awalipe fidia ya dola milioni 148.

Kisa hiki kinastahili kutangulia mengine, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu demokrasia ya Marekani huanzia juu, Ikulu na Kongresi, ilhali mzigo wenyewe umebebwa na watu wa chini kabisa: karani wa kaunti, msimamizi wa kituo, mjumbe wa bodi ndogo ambaye jina lake halimo katika gazeti lolote.

Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki anahitaji kwanza kuelewa jambo moja. Mkenya anaijua IEBC, Mtanzania anaijua Tume ya Uchaguzi, Mkongomani anaijua CENI. Marekani haina tume ya namna hiyo, na hakuna mwenyekiti anayesimama mbele ya taifa na kumtangaza mshindi wa urais. Majina yanayosomwa kwenye televisheni usiku wa uchaguzi ni hesabu za vyombo vya habari tu. Uchaguzi wenyewe unaendeshwa na mamlaka za mitaa zaidi ya 10,000, nyingi zikiwa kaunti na miji midogo. Kila moja huhesabu, hukagua, kisha bodi yake hutia saini kuidhinisha matokeo. Saini za kaunti hupanda hadi jimbo, jimbo huthibitisha, wajumbe wa uchaguzi, wanaompigia rais kura kwa niaba ya jimbo, hukutana Desemba, na Januari 6 Kongresi huhesabu kura zao. Mwenye malalamiko ana njia zake: kuomba kura zihesabiwe upya, au kwenda mahakamani. Saini ya bodi si hukumu. Ni wajibu, kama karani wa benki anavyotia muhuri stakabadhi ya fedha zilizokwisha kuhesabiwa.

Wakenya wanakumbuka Agosti 2022 pale Bomas, makamishna wanne kati ya saba wa IEBC walipoyakataa matokeo ambayo mwenyekiti wao alikuwa anayatangaza. Taifa zima lilishika pumzi mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua. Marekani ilikuwa haijazoea kitu kama hicho. Kwa miongo mingi bodi za kaunti zilikutana, zikatia saini, watu wakaenda nyumbani, na hakuna mwandishi wa habari aliyejisumbua kuhudhuria.

Mwaka 2020 mazoea hayo yalivunjika. Novemba 17, katika kaunti ya Wayne ulipo mji wa Detroit, wajumbe wawili wa chama cha Republican walikataa kuidhinisha. Baada ya wananchi kuwalalamikia kwa saa kadhaa, wakakubali. Kesho yake, baada ya Trump kuzungumza nao kwa simu, walitaka kuzifuta kura zao, lakini muda ulikuwa umepita. Novemba 23 macho yote yalihamia kwenye bodi ya jimbo la Michigan. Aaron Van Langevelde, mwanasheria kijana wa Republican, alieleza kwamba sheria haikuwapa mamlaka ya kufanya zaidi ya kuidhinisha, akapiga kura ya ndiyo. Muda wake ulipoisha Januari iliyofuata, chama chake hakikumpendekeza tena.

Januari 2, 2021, simu ililia Georgia. Kwa takriban saa nzima Trump alimshinikiza Katibu wa Jimbo, Brad Raffensperger, amtafutie kura 11,780. Alikuwa ameshindwa kwa kura 11,779, na kura za Georgia zilikuwa zimehesabiwa mara tatu, mara moja kwa mkono. Raffensperger, naye Republican aliyempigia Trump kura, alikataa. Siku nne baadaye umati ulivunja milango ya Kongresi, wengine wakipaza sauti kwamba Makamu wa Rais Mike Pence anyongwe kwa kukataa kuzitupa kura za majimbo. Pence alirudi ukumbini usiku uleule na kazi ikamalizika alfajiri. Hata baada ya vioo kuvunjwa na damu kumwagika, wabunge 139 na maseneta 8 walipiga kura kupinga matokeo ya jimbo moja au zaidi.

Ikumbukwe kwamba Trump na wenzake walifungua kesi zaidi ya 60 mahakamani na karibu zote zilishindwa, baadhi mbele ya majaji aliowateua mwenyewe. Mlango wa malalamiko ulikuwa wazi. Kilichotakiwa nje ya mlango huo ni saini za watu wachache kuzuiwa.

Desemba 2022 Kongresi ilirekebisha sheria ya mwaka 1887 ya kuhesabu kura za urais. Sasa imeandikwa waziwazi kwamba Makamu wa Rais hana uwezo wa kukataa kura, na pingamizi halisikilizwi mpaka liungwe mkono na moja ya tano ya wajumbe wa kila baraza. Zamani mbunge mmoja na seneta mmoja walitosha. Ni kazi nzuri. Ila iliziba paa, na maji yalikuwa yameanza kupita mlangoni.

Mfano ni Otero, kaunti ya jangwani New Mexico. Juni 2022 makamishna wake walikataa kuidhinisha kura zaidi ya 7,000 za mchujo kwa madai kwamba hawaziamini mashine. Mahakama ya Juu ya jimbo ikawaamuru watimize wajibu. Wawili walitii. Wa tatu, Couy Griffin, alipiga kura ya hapana kwa simu akiwa Washington, ambako siku hiyohiyo alikuwa amehukumiwa kwa kuingia eneo lililokatazwa la Kongresi Januari 6. Alikiri kwamba hakuwa na ushahidi wowote. Moyo wake tu ndio uliomwambia hivyo. Miezi michache baadaye, huko Cochise, Arizona, ilibidi jaji aamuru tena. Georgia nayo ilipitisha kanuni mpya mwaka 2024 zilizowapa wajumbe wa kaunti nafasi ya kufanya uchunguzi wao kabla ya kutia saini. Mahakama zikazizuia, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikazibatilisha.

Mtu anaweza kusema: basi mfumo unafanya kazi, mahakama zimesimama imara. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Lakini mahakama haiwezi kumrudisha karani aliyeacha kazi kwa kuhofia usalama wa watoto wake. Januari 20, 2025, siku aliyorudi Ikulu, Trump aliwasamehe watu wapatao 1,500 walioshtakiwa kwa uvamizi wa Januari 6, wakiwemo waliowapiga polisi. Kesi ya jinai ya Georgia iliyotokana na ile simu ilifutwa Novemba 2025. Karani wa kaunti anayatazama haya yote, na anajua ni nani aliyelindwa na ni nani aliyeachwa peke yake.

Kuna mengine yanayoendelea. Texas ilichora upya wilaya zake za uchaguzi Agosti 2025, katikati ya muongo, ili Republican wapate viti vitano zaidi. California ikajibu Novemba kwa ramani inayowapendelea Democrats. Vyama vyote viwili vinachagua wapiga kura wao, na mwananchi ndiye anayepungukiwa.

Kwa jamii zetu za wahamiaji hapa Marekani, jambo la karibu zaidi ni la karatasi. Machi 2025 Rais alitoa amri ya kudai hati ya uraia wakati wa kujiandikisha kupiga kura, lakini majaji waliizuia. Mwezi uliofuata Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada wenye lengo hilohilo. Familia nyingi zilizotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, zinajua tabu ya makaratasi: baba, mama na watoto wote wamezaliwa Januari 1 kwa sababu ndivyo afisa alivyoandika, na jina la ukoo limeandikwa kwa namna tatu tofauti. Kupata nakala ya cheti cha uraia kilichopotea hugharimu mamia ya dola na miezi ya kusubiri. Aliye raia na akatunze cheti chake, ahakikishe majina yanafanana. Asiye raia, hata mwenye kadi ya kijani, asijiandikishe kamwe hata akishawishiwa na nani; kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini.

Karatasi za kura hazitolewi kwa Kiswahili chini ya sheria ya taifa, maana sheria hiyo haikukitaja. Lakini kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura kinamruhusu mpiga kura asiyeweza kuzisoma aingie kituoni na msaidizi anayemtaka mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake au wakala wa mwajiri huyo, wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mama anayeambiwa mlangoni aingie peke yake ana haki ya kubaki na mwanawe.

Uchaguzi wa Kongresi ni Novemba 3, 2026, na kaunti nyingi zinatafuta watu wa kukaa vituoni, hasa wanaojua lugha zaidi ya moja. Kazi inalipwa, na mafunzo hutolewa na kaunti yenyewe. Kwa kawaida anayetakiwa ni raia aliyejiandikisha kupiga kura. Ewe ndugu uliyekwisha kula kiapo cha uraia, nenda katika ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako uandikishe jina lako, na dada yako aliyezaliwa hapa umchukue mwende pamoja.