Kicheko Kimoja, Pishi Mbili

Lugha yetu hupima kicheko kwa pishi mbili. Mwanamume apendaye kucheka na watu huitwa mcheshi, nayo ni sifa. Binti afanyaye vivyo hivyo husemwa kuwa anachekacheka. Kurudufiwa kwa kitenzi, ambako mara nyingi huonyesha jambo lifanywalo ovyo, hapo hugeuka shutuma ya mwenendo wake. Dhana hii si ya visiwani peke yake: mwaka 2014 Naibu Waziri Mkuu wa Uturuki, Bülent Arınç, alitaka wanawake wasiangue kicheko hadharani, nao wakamjibu kwa picha zao wakicheka. Ndugu wananchi, staha ni wajibu wa wote. Afisa asimpime mwombaji kazi, wala hakimu shahidi, kwa kicheko chake.