Wepesi Una Mahali Pake: Kuunda Baiskeli ya Milimani Kuanzia Fremu



Septemba 2025 mji wa Kigali uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ikiwa ni mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Vijana wetu wa Dodoma waliyafuatilia kwenye simu, na tangu hapo wazazi kadhaa wameniuliza swali moja baada ya swala: mwanangu anataka baiskeli nyepesi ya milimani, naye hataki iliyokwisha kuunganishwa bali anataka kuiunda mwenyewe kipande kwa kipande; je, nitoe fedha? Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja. Mzazi na kijana wakubaliane mapema ni wapi uzito utapunguzwa, na ni wapi hautaguswa hata kwa gramu moja.

Uzito hufuata kazi

Baiskeli ya milimani haikuzaliwa kiwandani. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin huko California, Marekani, walichukua fremu kuukuu za baiskeli nzito, wakazifunga gia na breki bora, wakashuka nazo milima. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu mahususi kwa kazi hiyo, Tom Ritchey na wengine wakaendeleza, na mwaka 1996 mbio za nyika za baiskeli hizo zikaingia katika Olimpiki ya Atlanta. Kwa hiyo kijana anayeanza na fremu tupu anapita njia ya waasisi wenyewe.

Ritchey huyohuyo ana somo la pili kwetu. Mwaka 2005 alizuru Rwanda na kuona jinsi wakulima walivyohangaika kusafirisha kahawa katika nchi ya vilima. Fundi aliyesifika kwa kupunguza gramu akabuni kwa ajili yao baiskeli ndefu, imara, yenye nafasi ya kubebea magunia nyuma. Basi swali la kwanza la mzazi liwe hili: baiskeli hii itafanya kazi gani? Ikiwa itabeba madumu ya maji, gunia la alizeti na mdogo wake nyuma, usihangaike na wepesi. Baiskeli nyeusi ya kawaida yenye keria inatosha. Ikiwa ni ya mazoezi, mashindano na safari za mpandaji mmoja katika njia za mchanga na mawe, endelea kusoma.

Hesabu ya kilo

Baiskeli ya kawaida ya mitaani kwetu ina uzito wa takribani kilo 20. Baiskeli nzuri ya mbio za nyika huwa na kilo 10 hadi 12. Kijana wa kilo 60 akipanda kilima kwa baiskeli ya kilo 20, miguu yake inainua kilo 80. Kwa baiskeli ya kilo 11, inainua kilo 71. Amepunguziwa zaidi ya asilimia 11 ya kazi ya kupanda, na tofauti hiyo huionja katika kila mwinuko kutoka Mlimwa hadi vilima vya Kondoa.

Mfano wa hesabu ni huu. Fremu ya alumini kilo 1.8, uma wa mbele usio na shokapu kilo 1.2, magurudumu mawili bila tairi kilo 2, tairi na tyubu kilo 1.8, krenki na ekseli yake kilo 0.9, sproketi, cheni na kifaa cha kuhamishia cheni kilo 0.9, breki kilo 0.7, usukani na shingo yake kilo 0.6; siti na nguzo yake kilo 0.6, pedali kilo 0.35. Jumla ni kilo 10.85. Kijana afungue daftari lenye safu tatu, yaani kifaa, bei na uzito, na kila kifaa akipime kwa mizani ya duka kabla ya kukifunga.

Fremu: chuma au alumini?

Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule, lakini ugumu wake nao ni kama theluthi moja. Ndiyo maana mabomba ya fremu za alumini hufanywa manene. Chuma kizuri kilichochanganywa na kromi na molibdeni huzidisha kama nusu kilo, lakini kina fadhila mbili: aghalabu hupinda kabla ya kukatika, na fundi stadi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Alumini ikipata ufa haifai kuchomelewa ovyo kando ya barabara, kwa kuwa moto huidhoofisha na huhitaji kutibiwa upya kwa joto maalumu. Nyuzi za kaboni ni nyepesi kuliko zote, ila fremu ya kaboni iliyotumika inaweza kuficha jeraha lisiloonekana kwa macho. Kwa anayenunua mtumba, na mbali na mafundi wa kaboni, chuma chembamba au alumini isiyo na ufa ndilo chaguo la busara.

Saizi ni muhimu kuliko jina lililoandikwa kwenye bomba. Kijana asimame akiwa ameipanda fremu, miguu yote ikiwa chini. Pabaki nafasi ya vidole vinne au zaidi kati yake na bomba la juu. Kisha ikaguliwe juani kwa kitambaa chenye unyevu, hasa shingoni, chini penye ekseli ya pedali na pale nguzo ya siti inapoingia. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba kando ya kiungo ni dalili ya ufa, na fremu hiyo iachwe hata ikiuzwa kwa bei ya chee.

Vipimo viandikwe kabla ya kununua kitu kingine. Nguzo ya siti inaweza kuwa ya milimita 27.2, 30.9 au 31.6, na tofauti ndogo hiyo inatosha kuiharibu fremu. Habu ya nyuma inaweza kuhitaji nafasi ya milimita 135, 142 au 148. Vijana wengi hupoteza fedha hapa, wakinunua kifaa kizuri kisichoingia mahali pake.

Magurudumu kwanza

Katika hesabu yetu, magurudumu na tairi ni kilo 3.8, zaidi ya theluthi ya baiskeli nzima. Tena uzito ulio ukingoni mwa gurudumu huhesabika karibu mara mbili wakati wa kuongeza kasi, kwa sababu husogezwa mbele na kuzungushwa kwa pamoja. Mwenye fedha kidogo za kununulia wepesi aziweke hapa: ringi za alumini badala ya za chuma, na njiti 32 zilizokazwa sawasawa. Fundi mzoefu huzigusa njiti kwa kidole na kuzisikiliza. Za upande mmoja hutoa sauti moja. Kijana akae naye ajifunze, maana mwenye kujua kunyoosha ringi hatalala porini.

Lakini wepesi wa tairi una mpaka. Uwanda wetu una mchanga wa makorongo, changarawe, miiba ya migunga na mbigili. Tairi nyembamba sana huzama mchangani na kutobolewa kabla ya adhuhuri. Upana wa inchi 2.1 hadi 2.25 unafaa, na kwa mpandaji wa kilo 60 upepo wa paundi 25 hadi 30 unatosha; tairi iliyojazwa hadi kuwa kama jiwe hurukaruka na kuchosha. Yapo pia maji mazito ya kuziba matundu yanayotiwa ndani ya tairi. Hayo hukauka kwa joto, hivyo yakaguliwe kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Gia: kutoa badala ya kuongeza

Wepesi wa bei nafuu kuliko wote ni ule wa kutoa. Krenki yenye duara moja la meno mbele, na sproketi pana nyuma, huondoa kifaa kizima cha kuhamishia cheni mbele, kebo yake na kishikio chake. Ukiwa na meno 30 mbele na 40 nyuma, kwenye gurudumu la inchi 29, mzunguko mmoja wa pedali husogeza baiskeli kama mita 1.7. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia husogea kama mita 5, na ndiyo maana mlimani hushukwa na kusukumwa.

Shokapu ya mbele ya bei rahisi nayo itolewe. Mara nyingi ina zaidi ya kilo 2.5, na baada ya mwaka mmoja wa vumbi hukwama. Uma mzima wa chuma, pamoja na tairi pana, utaihudumia mikono vizuri zaidi.

Akiwa ni binti anayepanda kwa vazi refu, usitoe kizuizi cha cheni. Gramu zake chache zinazuia nguo kunaswa na kumwangusha.

Pasipoguswa

Sasa tufike kwenye sharti. Breki, usukani, shingo yake, uma wa mbele na nguzo ya siti si mahali pa kutafutia wepesi. Kifaa cha gia kikivunjika, kijana atarudi nyumbani kwa miguu. Usukani ukikatika kwenye mteremko, atarudishwa amebebwa. Vifaa hivi visinunuliwe vya mtumba vyenye mkwaruzo wa kina, visikatwe wala kutobolewa ili vipungue, na bolti za shingo zikazwe kwa kiasi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi nyutoni-mita 5. Kukaza kupita kiasi nako huvunja. Kofia ngumu iingie kwenye bajeti siku ileile inaponunuliwa fremu, isisubiri fedha zitakazobaki, kwa maana huwa hazibaki.

Fundi mchanga akumbuke pia kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume na mshale wa saa, na kwenye fremu nyingi za milimani kikombe cha kulia cha ekseli ya pedali hukazwa hivyohivyo. Asiyelijua hili hulazimisha kwa nguvu na kuzila nyuzi za fremu mpya.

Fedha na asili ya fremu

Uzuri wa kuunda kidogo kidogo ni kwamba hakuna haja ya mkopo. Mwezi huu fremu, baada ya mavuno magurudumu, kisha breki na gia. Kijana hujifunza subira, na mzazi huona kila shilingi ilipokwenda.

Hata hivyo, soko la vifaa vilivyotumika lina mtego wake. Fremu nzuri inayouzwa kwa robo ya thamani, na muuzaji asiyetaka kuandika risiti, yaelekea ina mwenyewe anayeitafuta. Namba ya fremu kwa kawaida hugongwa chini penye ekseli ya pedali. Ikiwa imesagwa kwa tupa, ondoka. Ikiwepo, iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji, na baba awepo siku hiyo. Kijana akianza na mali ya wizi, ustadi wote utakaofuata utajengwa juu ya haki ya mtu mwingine.

Siku ya kwanza

Baiskeli ikikamilika, isipelekwe mlimani. Ainuliwe mbele na kuangushwa kimo cha shubiri moja, kinachogonga kimelegea. Mzazi ashike gurudumu la mbele katikati ya magoti na kujaribu kuuzungusha usukani, usiteleze. Breki zijaribiwe kwa mwendo wa kutembea, kisha kwenye uwanja tambarare. Baada ya kilomita 20 hivi za mwanzo, njiti na bolti zote zikaguliwe upya, kwa kuwa kebo hunyooka na njiti hujikalia.

Cheni ifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya safari na itiwe mafuta mepesi kidogo. Oili chafu ya gari isitumike. Hukusanya mchanga na kuzisaga sproketi. Na katika mkoba mdogo chini ya siti ziwemo tyubu moja, viraka na solusheni, pampu, na spana zake. Mizigo hiyo ina karibu kilo moja. Kijana atanung'unika kwamba inaharibu hesabu ya daftari. Mzazi amwachie anung'unike, lakini mkoba uende.