Kipimo cha Mia Tano

Mume akipunguziwa siku za kazi, kitu cha kwanza kubadilika nyumbani si chakula, ni kipimo. Nimeliona kwa jirani yangu hapa Manzese. Zamani alirudi sokoni na dumu la mafuta ya kula la lita 5. Kisha ikawa kila jioni mwanawe anatumwa dukani na chupa ya soda; muuzaji anachota mafuta ya shilingi 500, anangoja tone la mwisho lidondoke, basi. Sufuria ni ileile, walaji ni walewale.

Tupige hesabu. Tuseme kipimo hicho ni mililita 75: lita nzima inamfikia kwa takriban shilingi 6,700. Dumu likiuzwa 27,000, lita ni 5,400. Karibu shilingi 1,300 zaidi kwa kila lita, na anayezilipa ni yule aliyepungukiwa. Mkaa nao una hesabu yake: andika makopo ya mwezi mzima kwenye karatasi, kisha kaulizie bei ya gunia. Inauma.

Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani, Ernst Engel, alichambua matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, akaona kuwa kadiri familia ilivyo maskini ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa ya pato lake. Kwa jirani yangu sehemu hiyo imekua huku sahani ikipungua: nyama imekuwa dagaa, chai ya maziwa imekuwa ya rangi. Ada ya shule hajaigusa.

Umeme ndio uliokwenda kinyume. Kwa bei zilizopangwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila iliyozidi, kabla ya kodi na tozo. Hapo mwenye matumizi madogo alipata nafuu, na aliyepandishwa mshahara akanunua friji alitakiwa kwanza kuhesabu uniti zake.

Gesi haina huruma hiyo. Hata mtungi wa kilo 6 unataka hela yake yote kwa mkupuo, na anayelipwa kwa siku haishiki hela ya namna hiyo ila zamu yake ya mchezo wa kupeana hela ikifika. Kwa maoni yangu, hela hiyo ianze na visivyooza: gesi, mafuta, mchele, sabuni za mche. Unga wa miezi miwili usinunue, utaingia wadudu na nafuu yote itaishia jalalani.

Zamu ya jirani yangu ilifika mwezi uliopita. Alijaza mtungi, akanunua dumu. Mtoto hatumwi tena jioni. Ile chupa ya soda iko dirishani, imeoshwa na kufunikwa.