Maji Yakikupwa

Siku za bamvua, akina mama wa pwani ya Palma na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, hushuka na vikapu vyao kuokota chaza juu ya miamba ambayo saa chache nyuma haikuonekana. Hakuna anayesema miamba imeota mchana ule. Maji yamekupwa, basi.

Mtoto mwenye usonji hatumpi hisani hiyo. Akianza kuziba masikio, kujitikisa kutwa nzima na kukataa kila chakula isipokuwa kimoja, husemwa kwamba hali imezidi, au amepandwa na kitu.

Usonji ni jinsi ubongo ulivyojijenga, na ujenzi huo huanza tumboni mwa mama. Vita haviuleti. Malezi nayo hayauleti, ingawa baada ya Leo Kanner kuueleza mwaka 1943 akina mama wa Ulaya na Marekani walibebeshwa lawama hiyo kwa miongo kadhaa, tena na watu wenye shahada. Kinachobadilika wiki hadi wiki, kama yale maji, ni hofu, huzuni, usingizi na uchovu, na hayo huchangia sana kuamua dalili zionekane kwa kiasi gani. Uchambuzi wa tafiti 31 uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya watoto na vijana wenye usonji wana tatizo la wasiwasi la kiwango cha ugonjwa. Tafiti nyingine hupata idadi ndogo zaidi, lakini kwa jumla zinawaweka juu ya wenzao wasio na usonji.

Sasa mlete mtoto huyo Cabo Delgado, mkoa wenye miji hiyo ya Palma na Mocímboa da Praia. Oktoba 2017 mashambulizi ya waasi yalianzia Mocímboa da Praia. Aprili 2019 kikapita kimbunga Kenneth. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, watu wakakimbilia Pemba kwa mashua. Tuseme ana miaka minane na maneno machache. Kwao, bakuli lile lile, mkeka ule ule na adhana ya msikiti ule ule ndiyo saa yake na ramani yake. Usiku mmoja vyote vinaondoka. Anaamkia kwenye hema lenye watu kumi na turubai linalopigapiga kwa upepo.

Ubongo wenye hofu huwa kama mlinzi asiyelala: kila sauti ni adui. Masikio yaliyokuwa makali tangu mwanzo sasa yanauma. Kujitikisa, ambako zamani kulimtuliza kwa dakika tano, kunahitaji saa nzima. Maneno nayo hupotea, kwa sababu kwake kuongea ni kazi, na nguvu za kazi zimeishia kwenye kuogopa. Asiyeweza kusema "naogopa" huisema kwa kuuma mkono wake.

Hapa mganga na daktari wote wanaweza kukosea. Kiwewe peke yake humfanya mtoto yeyote anyamaze na kuwakimbia watu, akafanana na mwenye usonji. Na mwenye usonji akiingiwa na sonona, wengi hupita wakisema ndivyo alivyo. Kinachotenganisha ni historia: alikuwaje na miaka miwili, alipokuwa akiitwa jina lake? Bibi aliyemlea hulijibu swali hilo vizuri kuliko kipimo chochote, ikiwa bado wako pamoja.

Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, wala sioni haja ya kuitafuta kambini. Wasiwasi ndio unaotibika: kwa tiba ya mazungumzo iliyorekebishwa imfae, kwa michoro inayomwonyesha nini kitafuata, kwa saa moja ile ile ya kula na kulala, kwa pembe ya hema iliyotengwa kwa khanga awe na pa kujificha. Mama naye atazamwe, maana asiyelala hawezi kumlaza mwenziwe. Msumbiji imekuwa ikifundisha wahudumu wa kati wa afya ya akili tangu miaka ya 1990, na mengi ya haya hayahitaji daktari bingwa.

Kwa hiyo, mhudumu mwenzangu, akiletwa mtoto anayepiga kelele, usianze kwa kuuliza ana ugonjwa gani. Muulize mama: analala saa ngapi, na alikuwaje kabla ya ile mashua?