Kumiliki uwanja au kupanga: Mafia ijifunze nini kwa Simba, Yanga na Azam?

WAKAZI wote wa Wilaya ya Mafia, watoto kwa wazee, wanakaribia kuenea katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam. Uwanja huo uliofunguliwa mwaka 2007 unachukua watazamaji 60,000, na Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Mafia ina watu wapatao 66,000.

Ulinganisho huo unatosha kuonyesha kwamba swali la iwapo klabu ya soka imiliki uwanja wake au ipange haliwezi kuwa na jibu moja. Klabu yenye mashabiki nchi nzima na klabu ya Kilindoni au Kirongwe hazipimwi kwa mizani moja.

Hata hivyo, lipo jambo linalozikabili zote mbili sawasawa, nalo ni kujua nani mwenye kauli ya mwisho juu ya uwanja siku ya mchezo inapowadia.

Simba ilionja uchungu wa jambo hilo mwaka 2025. Ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa mabao 2-0 na RS Berkane nchini Morocco katika mchezo wa kwanza, na ikatarajia kulipiza nyumbani mbele ya umati wake.

Lakini Shirikisho la Soka Afrika (CAF) halikuridhika na hali ya eneo la kuchezea la Uwanja wa Mkapa baada ya mvua za masika. Mchezo wa marudiano uliofanyika Mei 25, 2025 ulihamishiwa Uwanja wa New Amaan, Unguja, ambao nafasi zake ni takriban robo tu ya zile za Mkapa.

Timu hizo zilitoka sare ya bao 1-1 na kombe likaenda Morocco. Hakuna awezaye kuapa kwamba matokeo yangekuwa mengine Dar es Salaam. Lisilo na ubishi ni kwamba katika mchezo wake mkubwa kuliko yote wa msimu huo, Simba haikuwa na mamlaka ya kukarabati nyasi wala ya kuchagua mahali pa kuchezea, kwa kuwa uwanja si wake. Ni mali ya Serikali.

Ndani ya ligi hali haikuwa tofauti. Msimu wa 2024/25 Simba ilichagua kutumia KMC Complex, Mwenge, uwanja wa Manispaa ya Kinondoni ambayo ina timu yake katika soka la ushindani. Yanga ilianzia Azam Complex, Chamazi, kisha nayo ikahamia hukohuko Mwenge. Kwa maneno mengine, vigogo wawili wa soka nchini, Yanga iliyoasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, walikuwa wapangaji katika nyumba moja ya jirani mdogo.

Jirani mwingine mdogo kwa umri ndiye aliyechukua njia ya pili. Azam FC ilizaliwa mwaka 2004 miongoni mwa wafanyakazi wa kampuni za Said Salim Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008, na ndani ya miaka michache ikawa na uwanja wake Chamazi. Katika msimu wa 2013/14 ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Faida ya Azam inaonekana kwa macho. Timu inafanya mazoezi na kucheza mahali pamoja, inapanga yenyewe siku za kupumzisha nyasi, na wengine wanapokosa pa kuchezea, wao ndio wanaobisha hodi.

Mtibwa Sugar, bingwa wa mwaka 1999 na 2000, nayo ilitegemea Uwanja wa Manungu, Turiani, ulio chini ya kiwanda cha sukari.

Ila mifano hiyo miwili ina siri moja. Nyuma ya kila uwanja kuna mfuko wa mfanyabiashara au kiwanda. Klabu za wanachama hazina mfuko wa namna hiyo, na ujenzi wa uwanja si wa mchezo. Uwanja wa Mkapa, uliojengwa kwa ushirikiano na China, uligharimu takriban dola za Marekani milioni 56. Ukishajengwa, nyasi zinadai maji, taa zinadai umeme na majukwaa yanadai ulinzi, hata katika wiki ambazo hakuna tiketi iliyouzwa.

Huko Uingereza, Arsenal ilihamia Uwanja wa Emirates mwaka 2006 baada ya ujenzi uliogharimu takriban pauni milioni 390. Kwa miaka kadhaa deni hilo liliibana klabu katika soko la wachezaji, na kati ya mwaka 2005 na 2014 haikutwaa kombe kubwa lolote. Leo uwanja huo ni hazina, lakini mashabiki waliulipia kwa subira ya muda mrefu.

Aidha, kumiliki kiwanja si lazima kuwe na maana ya kuwa na uwanja. Yanga ina eneo lake la Kaunda, Jangwani, kwa miongo mingi. Lakini eneo hilo lipo katika bonde la Msimbazi, na mvua kubwa zimekuwa zikiligeuza kuwa bwawa. Hati haizuii mafuriko.

Penye fedha na usimamizi, matunda huonekana. TP Mazembe ya Lubumbashi, iliyokuwa chini ya uongozi wa Moïse Katumbi, ilifungua uwanja wake wa Kamalondo mwaka 2011, wenye nafasi 18,500. Haikujenga uwanja wa watu 60,000 ili kujionyesha. Ilijenga unaoweza kujaa. Novemba 2015 ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika katika uwanja huohuo kwa kuifunga USM Alger mabao 2-0, na moja ya mabao hayo likafungwa na Mtanzania Mbwana Samatta.

Upande wa wapangaji, dunia ina mifano miwili inayopingana. Coventry City ya Uingereza iliacha uwanja wake wa kale mwaka 2005 na kupanga katika uwanja mpya. Ulipozuka ugomvi wa kodi, msimu wa 2013/14 ilichezea mechi za nyumbani katika mji wa Northampton, na kati ya mwaka 2019 na 2021 ikahamia Birmingham. Mashabiki walilazimika kusafiri ili kuiona timu yao ikiwa "nyumbani".

West Ham nayo ni mpangaji. Lakini mwaka 2016 iliingia Uwanja wa London kwa mkataba wa miaka 99, wenye kodi ya kuanzia ya takriban pauni milioni 2.5 kwa mwaka. Hakuna anayeweza kuiamsha asubuhi na kuiambia ihame. Wote wawili ni wapangaji; kilichowatofautisha ni karatasi waliyotia saini.

Kanuni za CAF za leseni za klabu nazo zimejengwa juu ya msingi huo. Hazimlazimishi mwombaji awe mmiliki wa uwanja. Zinamtaka athibitishe kuwa na uwanja unaokidhi vigezo, ama uwe wake, ama awe na mkataba wa maandishi na mwenye uwanja. Kinachotakiwa ni uhakika.

Kwa Tanzania hoja hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu kisheria hata anayeitwa mmiliki ni mpangaji wa aina yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Raia na taasisi hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, na mwenye hati hulipa kila mwaka kile ambacho Watanzania wenyewe hukiita kodi ya pango la ardhi.

Hivyo tofauti ya kumiliki na kupanga si kama ya mchana na usiku. Ni tofauti ya idadi ya miaka na ya masharti. Klabu yenye mkataba wa miaka 30 unaotaja siku zake, mgawo wa mapato ya mlangoni na mwenye jukumu la kutunza nyasi iko salama kuliko yenye eneo lisilo na mipaka iliyopimwa.

Njia ya kati ndiyo iliyofuatwa na Simba ilipozindua viwanja vyake vya mazoezi Bunju mwaka 2019. Klabu inamiliki mahali pa kazi ya kila siku, ambapo gharama inabebeka, na inapanga uwanja mkubwa kwa mechi zenye umati.

Hapo ndipo somo linapovuka bahari kwenda Mafia. Klabu ya kisiwani ikipanda kutoka ligi ya wilaya hadi ya mkoa wa Pwani na kuendelea juu, itatakiwa kuonyesha uwanja wa nyumbani. Ikiukosa, "nyumbani" kwake kutakuwa Bara. Wachezaji watavuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kwa mechi za ugenini na za nyumbani pia, huku nauli ikiwa mara mbili na mashabiki wakibaki ufukweni. Yaliyoisibu Simba siku moja kwa kwenda kisiwani yataisibu klabu ya Mafia msimu mzima kwa kutoka kisiwani.

Klabu kama hiyo haihitaji majukwaa ya maelfu. Eneo la kuchezea lenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 halifiki hekta moja. Hekta mbili zinatosha kuweka na vyumba vya wachezaji, kisima na uzio. Kinachohitajika mapema ni kuilinda ardhi hiyo, kwa sababu idadi ya watu inakua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438 wilayani humo, ikiwa ni pungufu ya watu wapatao 20,000 kulinganisha na ya mwaka 2022. Nao wageni wanaofuata papa potwe na matumbawe wanahitaji mahali pa kulala. Kiwanja kisicho na maandishi ndicho cha kwanza kugeuka kuwa msingi wa nyumba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inatoa mlango. Kijiji, kwa idhini ya mkutano wake mkuu, kinaweza kutenga ardhi kwa matumizi ya pamoja ya wanakijiji, ardhi ambayo haigawiwi mtu binafsi. Uwanja ukitengwa hivyo na klabu ikapewa mkataba wa muda mrefu wa kuutumia na kuutunza, kijiji kinabaki na mali yake, shule inapata pa kuchezea, na klabu inapata uhakika unaodaiwa na kanuni.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini hawakusema kila mtu ajenge jumba. Kwa klabu ndogo, utajiri wa kwanza ni mkutano wa kijiji uliofikia uamuzi, mipaka iliyopimwa na mkataba uliotiwa saini. Majukwaa yanaweza kusubiri, ardhi haisubiri.